Sifa

Nyumbani kwetu deki ilikuwa kitu cha kupigwa: ndoo, tambara, maji ya sabuni, halafu Mama anakagua pembe. Kwa hivyo Baba alipostaafu na kutangaza kwamba anajenga deki nyuma ya nyumba, Kitengela, tulicheka. Alimaanisha sakafu ya mbao, kama sitaha ya chombo, ya kuketi jioni na kahawa yake.

Fundi alimaliza Ijumaa moja ya Machi. Jumamosi mimi, msomi wa YouTube, nikapiga vanishi mikono mitatu. Iling'aa, wacha tu! Kisha mvua za Aprili zikaja. Kufikia Juni vanishi ilikuwa imetoa malengelenge na kubanduka vipande vipande, na chini yake mbao zimeanza kuwa nyeusi.

Baba aliinama, akakwangua kwa ukucha. "Umezifunga kabla hazijakauka," akasema. "Babu yako angezilisha kwanza."

Babu alikuwa fundi wa majahazi Lamu. Nilipokuwa mdogo nilikataa kumkumbatia, kwa sababu alinuka sifa. Si sifa za kusifiwa. Sifa ni mafuta ya ini la papa: maini hutiwa chomboni, huachwa juani hadi yanaoza na mafuta kujitenga. Ile harufu haitoki kwa sabuni. Babu alifariki kabla sijapata akili ya kumuuliza chochote.

Basi nikaanza kusoma. Mwaka 1183 msafiri Ibn Jubayr alipita bandari ya Aidhab, kwenye Bahari ya Shamu, akakuta vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Aliandika kwamba vilipakwa samli, mafuta ya mbarika au mafuta ya papa, na kwamba ya papa ndiyo bora. Sababu aliyoitoa ni kulainisha mbao, zisivunjike upesi zikigonga miamba. Karne moja baadaye Marco Polo aliona meli za kushonwa huko Hormuz, nazo zilipakwa mafuta ya samaki. Pwani yetu ilikuwa na chombo cha ukoo huo huo, mtepe, kilichoshonwa kwa kamba bila msumari.

Majahazi ya kina Babu yalikuwa ya misumari, lakini mafuta yalibaki. Kwenye viungo vya mbao waligongomea pamba iliyolowa mafuta. Hiyo ndiyo kalafati. Juu ya maji walipaka sifa. Chini ya maji walipaka deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, kuzuia minyoo ya bahari inayotoboa mbao. Na hawakupaka mara moja wakasahau. Kila baada ya miezi kadhaa chombo kilipandishwa ufukweni, kikakwanguliwa na kupakwa upya.

Hapo ndipo nilielewa kosa langu. Mbao huvimba zikilowa na kusinyaa zikikauka. Vanishi ni ngozi ngumu inayokaa juu. Mbao zikicheza, inapasuka, maji yanaingia, halafu hayana pa kutokea. Mafuta huingia ndani ya mbao, na yakiisha yanaisha polepole. Hayabanduki.

Sikutafuta sifa. Papa wamevuliwa kupita kiasi, na majirani wangetushtaki. Tulipiga msasa wikendi nne, mimi na Baba, halafu tukaziacha mbao hadi jua la Januari. Kila Jumapili alidondosha tone la maji. Likisimama juu, tunasubiri. Siku liliponyweka, tukapaka mafuta ya mbegu za kitani yenye rangi ya kahawia, maana mafuta matupu hayazuii jua. Ncha za mbao zilikunywa kuliko kwingine kote. Tukasubiri kidogo, tukafuta yaliyobaki juu, tukarudia siku ya pili. Matambara tukayaloweka ndani ya maji. Yakirundikwa na mafuta hayo yanaweza kuwaka moto yenyewe.

Tukifanya kazi, Baba aliniambia kitu ambacho hakuwahi kusema. Alipokuja Nairobi kutafuta kazi alifua shati lake la pekee mara tatu kabla ya usaili, akiogopa watamnusa. Alipata kazi. Miaka yote hiyo hakurudi kumsaidia babake kupaka chombo hata mara moja.

Nilikuwa nimepiga magoti pembeni, brashi mkononi. Sikujua la kusema, nikaendelea kupaka.

Jioni aliketi kwenye kigoda, akanusa mkono wake. "Haya hayanuki," akasema, kama mtu aliyepunjwa. Kisha akauliza, "Yatakaa muda gani?"

"Mwaka mmoja hivi."

"Halafu?"

"Halafu nakuja tupake tena."

Akamimina kahawa, vikombe viwili.