Kimo cha Kilimanjaro na Shaka ya Kipimo

Mkazi wa Pasua, katika mji wa Moshi, hukiona kilele cha Kibo asubuhi mawingu yanapoinuka. Kimo chake husomeshwa shuleni kuwa mita 5,895. Hesabu hiyo yatokana na upimaji wa mwaka 1952, wala haikuwa ya kwanza wala ya mwisho.

Hans Meyer, aliyefika kileleni pamoja na Ludwig Purtscheller mwezi wa Oktoba 1889, alikadiria kimo hicho kuwa zaidi ya mita 6,000. Zama hizo wapandaji milima walitegemea barometa, kwa kuwa kanieneo ya hewa hupungua kadiri mtu apandavyo. Lakini kanieneo hubadilika pia kwa joto na baridi. Hivyo chombo kimoja, mahali pamoja, chaweza kutoa vimo viwili kwa siku mbili. Wapimaji wa 1952 walitumia pembe. Nao walikabiliwa na miali ya nuru inayopinda ipitapo hewani.

Mwaka 1999 wataalamu walitumia setilaiti wakapata mita 5,892.55, mwaka 2008 wengine wakapata karibu 5,891. Tofauti hizi si ushahidi kwamba mlima umepungua. Setilaiti hupima kutoka umbo la dunia lililokadiriwa kwa hesabu, si kutoka usawa wa bahari. Na hapo Kilimanjaro nyuso hizo mbili zaachana kwa zaidi ya mita 15. Ikiwa tofauti hiyo haijulikani barabara, kimo nacho hakijulikani barabara, hata chombo kiwe bora namna gani.

Jambo hili si geni katika Kiswahili. Shibiri 2 ni dhiraa 1, na dhiraa 4 ni pima 1. Lakini dhiraa ni mkono, na mikono hailingani. Mnunuzi wa nguo aliyeuliza ni mkono wa nani uliopima aliuliza swali lile lile la wapimaji wa Kibo: kipimo chenyewe kimepimwa kwa nini?

Kwa hiyo yafaa istilahi zitenganishwe. Kosa ni la kusahihishwa. Shaka ni mpaka wa ujuzi, nayo hubaki hata baada ya makosa kuondolewa. Kitabu kitajacho kimo bila kutaja shaka yake humfundisha mwanafunzi kukariri hesabu, si kupima.