Mkono Unaorudi: Ruzuku na Majengo ya Utamaduni, Kutoka Migori Hadi Shirakawa

Ukuta wa Thimlich Ohinga, katika Kaunti ya Migori, hauna saruji wala udongo wa kushikiza. Uso wa nje umepangwa kwa mawe makubwa, uso wa ndani vivyo hivyo, na katikati pameshindiliwa mawe madogo yanayozishika nyuso hizo mbili zisiachane. Pengine ukuta huo unapita kimo cha mita 4. Mlango ni mfupi: mgeni hana budi kuinama, na zamani aliyeingia kwa nia mbaya aliingia shingo mbele, mbele ya macho ya mlinzi. Boma hili linakadiriwa kujengwa karne ya 16, na mwaka 2018 UNESCO ililiingiza katika orodha ya urithi wa dunia.

Ukuta mkavu una tabia moja ambayo kila fundi wa mawe anaijua. Jiwe likidondoka leo na lisirudishwe, kesho litalivuta la jirani. Thimlich ilikaliwa kwa zamu na jamii za asili mbalimbali za lugha, Wabantu na Waniloti, na kila waliokuja waliendeleza kazi ya waliotangulia. Walipohama, mizizi ya miti ikaingia mahali mikono ilipotoka. Ilipofika 2000, boma hilo lilikuwa katika orodha ya World Monuments Watch ya maeneo yaliyo hatarini, na ukarabati ukawa jambo la wataalamu na wafadhili. Ndipo linapozuka swali la makala haya: fedha ya mfadhili inaponunua ukarabati wa jengo la utamaduni, je, inaweza pia kununua mkono wa kurudishia jiwe linalodondoka baada ya mradi kufungwa?

Ni vizuri kwanza kukubaliana kuhusu jengo lenyewe, maana si kila jamii huhifadhi utamaduni wake katika jengo la kudumu. Kwa Wajaluo wa Migori na Homa Bay, mambo mazito ya wanaume yalizungumzwa katika duol, kibanda cha mwenye boma kilichokuwa karibu na zizi. Watoto walipewa vitendawili, ngano na nasaba katika siwindhe, nyumba ya bibi mzee aliyeitwa pim. David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, katika kitabu chao Siaya cha 1989, walimpa pim huyo nafasi anayostahili: mwanamke aliyekuwa shule kabla ya shule. Ila siwindhe haikuwekewa jiwe la msingi. Ilikuwa ya udongo na nyasi, na ilidumu kadiri alivyodumu mwenyewe. Boma likihamwa huitwa gunda, na udongo wake wenye rutuba hulimwa. Hapo hakuna anayeona hasara, kwa sababu kilichotakiwa kudumu ni dala, yaani maskani na watu wake, wala hakuna aliyetarajia kuta zidumu.

Uingereza ilishika njia nyingine. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, vijiji vingi viliamua kuwakumbuka wafu wao kwa kujenga ukumbi: mahali pa dansi, michezo ya kuigiza, mikutano ya akina mama na maonyesho ya maboga. Baraza la Taifa la Huduma za Jamii, lililoundwa 1919, lilisaidia kumbi hizo, na mfuko wa Carnegie ulitoa ruzuku. Kuanzia 1994, Bahati Nasibu ya Taifa ikawa chemchemi kubwa ya fedha za paa, majiko na vyoo. Ukumbi wa kijiji wa Kiingereza kwa kawaida huwa mikononi mwa wadhamini: hati ya ardhi ipo, kamati ipo, hesabu hukaguliwa kila mwaka. Mfadhili akiuliza "nani mwenye jengo?", jibu limo kwenye kabrasha. Utaratibu huo una heshima yake, na anayeucheka kuwa ni urasimu mtupu hajaona ukumbi uliouzwa na mtu mmoja usiku mmoja.

Weka swali hilohilo mbele ya siwindhe, nalo linakosa pa kukaa. Nyumba ni ya bibi, elimu ni ya ukoo, ardhi ni ya mwenye boma. Hapo kuna milki tatu katika paa moja, na hakuna kisanduku cha fomu kinachoweza kuzibeba zote. Fomu inayotaka mwenye jengo mmoja ilizaliwa mahali ambapo jengo huwa na mwenyewe mmoja, na huko inafaa. Shida huanza inaposafiri bila kubadilisha maswali.

Kenya yenyewe imejaribu njia zaidi ya moja. Harambee, wito wa Jomo Kenyatta wa 1963, ilijenga shule na kumbi kwa michango ya kuku, mbuzi na noti. Uzuri wake ni kwamba kila aliyetoa alijua kuta zina jasho lake. Ubaya wake ni kwamba mgeni wa heshima alipokuwa mwanasiasa, mchango uligeuka deni la kura, na mwaka 2003 sheria ya maadili ya watumishi wa umma iliwawekea mipaka. Mwaka huohuo ukaanzishwa mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge. Kisha Katiba ya 2010 ikabadilisha ramani: Kifungu cha 11 kinautaja utamaduni kuwa msingi wa taifa, na Jedwali la Nne linaziachia kaunti shughuli za kitamaduni na vifaa vyake, pamoja na makumbusho. Sheria ya 2015 ya mfuko wa maeneo bunge iliufunga mfuko huo kwenye kazi za serikali kuu. Kwa sheria hiyo, mbunge wa Suba Kusini au Rongo anaweza kusaidia darasa, lakini ukumbi wa ngoma sasa ni mzigo wa kaunti, ambayo ina foleni ndefu ya zahanati na barabara.

Katika mwanya huo ndipo ruzuku ya nje inapopata nafasi. Kisiwani Mfangano, katika Homa Bay, Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba yalianzishwa 2000, katika mkondo wa makumbusho ya amani uliochipuka miaka ya 1990 kutokana na kazi ya mwanaethnografia Sultan Somjee. Wazo la Somjee lilikuwa la kiasi: jamii ikusanye vitu vyake vya kupatanishia, iviweke yenyewe, ivieleze yenyewe. Mfangano ina jambo la ziada la kulinda. Wasuba ni Wabantu ambao wengi wao leo huzungumza Kijaluo, na lugha yao inapungua wasemaji. Juu milimani, Mawanga na Kwitone, kuna michoro ya duara nyekundu na nyeupe inayohusishwa na Watwa waliokuwepo kabla yao, na koo za kisiwa zimeihusisha na kuombea mvua. Jengo liko chini, michoro iko juu, lugha iko vinywani. Ruzuku hulifikia jengo kwa urahisi, maana linapigika picha kabla na baada; mpanda mlima anayejua jina la mwamba kwa Kisuba hapigiki picha ya namna hiyo.

Ng'ambo ya Ziwa Viktoria, Buganda ilijibu swali la fedha kwa namna nyingine. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010, moto uliteketeza Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya makaburi ya wafalme huko Kasubi, iliyojengwa 1882 kama kasri la Muteesa wa Kwanza. Msaada ulitoka nje, Japani ikichangia kupitia UNESCO. Hata hivyo, mwaka 2013 Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, Charles Peter Mayiga alizunguka na kampeni ya ettoffaali, yaani tofali, akipokea michango ya wakulima na wachuuzi. Mchango wa tofali moja haujengi kitu, lakini unampa mtoaji haki ya kuuliza kazi imefika wapi. Nayo kazi ya kuezeka haikutangazwa zabuni kwa yeyote aombaye. Ni wajibu wa ukoo wa Ngeye. Mwaka 2023 Kasubi iliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Fedha ya nje na ya ndani zilikutana kwenye paa moja, ila nyasi zilipandishwa na mikono iliyozaliwa na kazi hiyo.

Japani iliyosaidia Kasubi ina kisa chake huko Ogimachi, kijiji cha Shirakawa. Nyumba zake za nyasi, zenye paa kali kama viganja vilivyounganishwa kwa sala, ziliezekwa kwa yui, msaragambo wa wanakijiji ambao huweza kukusanya watu zaidi ya mia kumaliza upande wa paa kwa siku moja. Mwaka 1971 wakazi walijiwekea kanuni tatu: tusiuze, tusikodishe, tusibomoe. Ruzuku ya serikali ilifuata baada ya kijiji kutangazwa eneo la hifadhi 1976, na urithi wa dunia ukaja 1995. Tazama mpangilio: agano kwanza, fedha baadaye. Mjaluo angeielewa yui mara moja, kwa kuwa anayo saga, kazi ya pamoja inayoishia kwenye chakula cha mwenye shamba. Tofauti ni kwamba saga haikuingizwa katika bajeti ya hifadhi, wakati yui ilitambuliwa kuwa sehemu ya kinachohifadhiwa. Na hata hivyo si peponi: siku hizi paa nyingi za Ogimachi huezekwa na mafundi wa kulipwa, kwa sababu vijana wako mijini.

Pwani yetu nayo ina jibu lake la zamani, nalo linatazama upande ambao wengine hawakutazama. Mwenye wakfu hutoa nyumba, duka au minazi, na pato lake hulipa mafuta ya taa, mikeka na chokaa ya msikiti, vizazi na vizazi. Wanahistoria wa sheria wamejadili kufanana kwake na udhamini wa Kiingereza: vyote huitoa mali katika mkono wa mtu binafsi na kuifungia kusudi. Lakini udhamini wa ukumbi wa kijiji mara nyingi humiliki jengo na kisha kutafuta fedha za kulitunza, ilhali wakfu huanza na mti unaozaa. Ruzuku ni mvua kubwa ya siku moja. Wakfu ni kisima. Kisima nacho hukauka msimamizi akiwa mlafi, ndiyo maana serikali za Kenya na Zanzibar ziliunda kamisheni za kuusimamia.

Tukiziweka pamoja, kila desturi imelinda kitu kimoja vizuri zaidi ya wenzake. Mwingereza amelinda hati, Mganda haki ya mchangiaji, Mjapani agano la majirani, Mswahili pato la kila mwezi, na Mjaluo maarifa yenyewe, hata paa likianguka. Hakuna aliyelinda vyote, na hakuna sababu ya mmoja kumwonea mwingine haya. Fomu ya ruzuku kwa Migori na Homa Bay ingefaidika kuuliza maswali ya wote watano: jengo ni la nani, nani amechanga, nani ameahidi, nini kitazaa fedha ya matengenezo, na nani anayefundisha humo ndani. Leo huuliza la kwanza kwa ukali, na la mwisho huliachia mistari miwili.

Gharama ya kuuliza si kubwa. Sehemu ya fedha ya mabati ingeweza kununua viti na mahema ya kukodisha, yakawa minazi ya ukumbi. Siku ya saga ingeweza kuandikwa kama mchango wa jamii kwa thamani yake halisi, pamoja na sufuria za ugali na samaki. Bibi anayesimulia angeweza kulipwa kama fundi anavyolipwa. Na Thimlich, mawe yakilegea baada ya masika, angehitajika mtu anayeishi jirani, aliyefundishwa kupanga jiwe juu ya jiwe, apite kila wiki na kurudisha lililodondoka kabla halijavuta la pili.