Kura ya diwani: Uchaguzi wa kata Kibaha na Kisarawe unavyoendeshwa

Na Mwandishi Wetu

SIKU ya Uchaguzi Mkuu, mpiga kura wa Tanzania Bara hukabidhiwa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Mjadala wa kampeni aghalabu huishia kwenye mbili za kwanza, ilhali ya tatu ndiyo inayoamua nani atakayeisemea zahanati, kisima na barabara ya kijiji ndani ya halmashauri.

Jambo hilo lina uzito wa pekee katika wilaya za Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, ambazo zinapakana na Dar es Salaam lakini zina vijiji vingi vilivyo mbali na lami.

Wilaya ya Kibaha ina mamlaka mbili. Ya kwanza ni ya mjini, yenye kata kama Maili Moja, Tumbi na Kongowe. Ya pili ni Halmashauri ya Wilaya, yenye makao yake Mlandizi, inayohudumia kata kama Kwala, Soga na Magindu. Kisarawe ina halmashauri moja, inayoanzia Kiluvya, jirani na jiji, hadi kata za mbali za Mafizi na Vikumburu.

Kila kata huchagua diwani mmoja kwa miaka mitano, na anayeongoza kwa kura ndiye mshindi. Utaratibu huo hutofautiana na wa Scotland, ambako tangu mwaka 2007 kata moja kwa kawaida hutoa madiwani watatu au wanne, hivyo hata kundi dogo la wapiga kura laweza kupata msemaji. Kwa mwananchi wa Mafizi, msemaji wa kata ni huyo mmoja tu.

Sifa za mgombea

Mgombea sharti awe raia mwenye umri usiopungua miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe mkazi wa eneo la halmashauri husika na adhaminiwe na chama cha siasa. Mgombea binafsi haruhusiwi.

Kwa miaka mingi, mgombea aliyebaki peke yake alitangazwa kuwa amepita bila kupingwa, na wananchi wa kata hiyo hawakupiga kura ya udiwani. Sheria ya mwaka 2024 ilibadili utaratibu huo: mgombea pekee hupigiwa kura ya ndiyo au hapana.

Uchaguzi wa madiwani usichanganywe na ule wa wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji. Huo wa pili hufanyika mwaka mmoja kabla, chini ya wizara ya TAMISEMI. Ule wa Novemba 24, 2019 ulisimamiwa na wizara hiyo wakati waziri wake akiwa Selemani Jafo, mbunge wa Kisarawe. Vyama kadhaa vya upinzani, kikiwamo CHADEMA, vilijitoa, na CCM ikatwaa karibu nafasi zote.

Kazi na mipaka yake

Halmashauri za wilaya, zilizofutwa mwaka 1972, zilirejeshwa mwaka 1984 kwa sheria za mwaka 1982. Baraza huundwa na madiwani wa kata, wabunge wa eneo hilo na wanawake wa viti maalumu. Hupitisha bajeti na sheria ndogo, na husimamia mapato ya ndani, ambayo asilimia 10 hutengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Diwani pia ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo katibu wake ni Mtendaji wa Kata. Hata hivyo, haidhinishi malipo wala haajiri watumishi. Shughuli hizo ziko chini ya Mkurugenzi Mtendaji, ambaye huteuliwa.

Wananchi hawana uwezo wa kumwondoa diwani kabla ya muda wake kwisha. Chama kinao, kwani anayevuliwa uanachama hupoteza kiti. Kinachobaki mikononi mwa mwananchi katikati ya chaguzi mbili ni kuhudhuria mkutano wa Baraza, ambao kwa kawaida hufanyika kila baada ya miezi mitatu na huwa wazi kwa umma, na kusikiliza iwapo kata yake imetajwa.