Visu vya Bure vya Madukani, na Kopo Lililoniponza

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, kazi ya kuandika programu imenibana kweli kweli. Leo naomba tuweke tarakilishi kando kidogo, ingawa mwishoni nitairudia, tena kwa aibu.

Hapa kwetu Kenya mwenye duka akitaka umkumbuke anakupa kalenda Desemba inapofika, au kofia, au fulana yenye jina la duka mgongoni. Kule Marekani, tangu mwishoni mwa karne ya 19 mpaka katikati ya karne ya 20, mwenye duka la misumari, la viatu au la mbegu alikuwa akikupa kisu kidogo cha kukunja. Jina la duka liliandikwa kwenye mpini. Ukifikiria utaona jamaa hawa walikuwa wajanja. Kalenda hufa na mwaka wake, lakini mkulima aliye na kisu mfukoni anakitoa kila siku kukata kamba, kumenya tunda, kufungua gunia, na kila akikitoa anasoma lile jina.

Mimi ninavyo vichache tu. Binamu yangu anayeishi Minnesota hupita kwenye masoko ya vitu vikuukuu na kuninunulia, kisha anakuja navyo kwenye sanduku akirudi nyumbani. Mke wangu anaona ni upuuzi. Pengine ni kweli.

Tuanze na mji wa Canton, jimbo la Ohio. Huko, katika miaka ya 1880, Reuben na Henry Landis walibuni namna ya kutengeneza mpini unaopenya nuru. Unaweka picha au maandishi, unafunika kwa seluloidi angavu, na picha inabaki salama chini yake kama samaki ndani ya tangi. Makampuni kama Novelty Cutlery na Canton Cutlery ya mji huo huo yalijenga biashara kwa wazo hili, na baadaye Aerial Cutlery, iliyoanzia Duluth kisha ikahamia Marinette, Wisconsin, ikafuata nyayo. Sasa duka dogo la kijijini liliweza kuagiza visu vyenye jina lake, anwani yake, hata picha ya mwenyewe na masharubu yake.

Canton ndiko alikoishi pia William McKinley, aliyekuja kuwa rais. Mwaka 1890, akiwa bado mbunge, sheria ya ushuru wa forodha iliyobeba jina lake ilipandisha mno kodi ya visu kutoka nje, na wahunzi wa Sheffield na Solingen wakaumia. Sheria hiyo pia ililazimisha bidhaa za kigeni kuandikwa jina la nchi zilikotoka, kuanzia 1891. Kwa sisi wakusanyaji hii ni zawadi. Fungua kisu, tazama chini ya ubapa pale unapoingia kwenye mpini. Ukikuta neno "Germany", basi umepata dokezo la kwanza la umri wake. Ni kama kusoma taarifa zilizofichwa ndani ya faili: jina la faili linaweza kudanganya, lakini zile za ndani mara nyingi husahauliwa na mdanganyifu. Na wadanganyifu wapo wengi. Visu vya Coca-Cola vinaghushiwa sana, kwa hiyo mimi sivigusi.

Kisu ninachokipenda kuliko vyote si cha duka bali cha bia. Adolphus Busch, mkuu wa kampuni ya Anheuser-Busch ya St. Louis, aliyefariki mwaka 1913, alikuwa akigawa visu mahali ambapo wengine hutoa kadi. Kwenye mpini kuna tundu dogo kama la sindano ya kushonea magunia. Weka jicho, elekea dirishani, na humo ndani unamwona Busch mwenyewe, ndevu na yote!

Mara ya kwanza nilidhani ni uchawi. Kumbe ni kijiti cha kioo chenye urefu wa milimita chache. Ncha moja ni ya mviringo, nayo hukuza. Ncha ya pili ni bapa, na hapo imegandishwa picha yenye upana wa kama milimita moja. Mfaransa René Dagron ndiye aliyesajili kifaa hiki, mwaka 1859, akakitia kwenye pete na vidude vya kuchezea. Watu walikiona ni mchezo tu. Kisha Wajerumani wakauzingira mji wa Paris mwaka 1870, barua hazipiti. Novemba mwaka huo Dagron akatoka mjini kwa puto, akaponea chupuchupu kukamatwa, na huko nje akaanza kupunguza barua mpaka zikawa filamu nyepesi za kufungwa kwenye manyoya ya njiwa. Zikifika Paris zilikuzwa ukutani kwa taa, makarani wakanakili. Sisi tunaojisifu kwa kubana data, tuwe na adabu kidogo.

Sasa ile aibu. Visu vyangu nilivitia vyote ndani ya kopo la biskuti, nikalifunga vizuri, nikaliweka juu ya kabati. Seluloidi ni pamba iliyotiwa asidi ya nitriki kisha ikachanganywa na kafuri, ile ile tunayoijua kwenye maziko. Ikizeeka, kafuri hupotea na mpini huanza kutoa mvuke wa asidi. Katika kopo lililofungwa mvuke hauna pa kwenda. Nilipofungua baada ya miezi minane, kisu cha duka moja la mbegu kilikuwa kimepasukapasuka kama mkate mkavu, na nyapa za jirani zake watatu zilikuwa nyekundu kwa kutu. Cha Busch kimeshika kutu pia, lakini kioo hakijadhurika. Mzee bado ananitazama.

Kile cha mbegu ndicho kinachoniuma. Maandishi yake yamekuwa unga. Nina picha yake moja, niliyoipiga kwa simu ya zamani, kilobaiti 34, nayo niliikata vibaya. Jina la duka halimo. Inasomeka tu "Mbegu na Malisho" kwa Kiingereza, na chini yake nambari ya simu: 42.

Vilivyobaki sasa viko kwenye bahasha za karatasi, kila kimoja peke yake, rafuni panapopita hewa. Na jana nimevipiga picha vyote, pande zote mbili, bila kukata kitu.