Baba Kaenda Mississippi

Ndugu msomaji, kabla sijafika mbali naomba nikiri kosa. Nina riwaya chini ya godoro, kurasa 140 za daftari, zote kwa kalamu ya wino. Ndani yake yumo babu mmoja wa kuchekesha. Karudi kutoka mashamba ya mkonge ya Tanga, kavaa suti nzito katikati ya jua la Nyasa, kabeba gramafoni isiyo na sahani hata moja, na watoto wake wenyewe hawamjui. Niliwasomea wenzangu hapa Mbaha sura hiyo, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nami nikajiona mwandishi, bwana!

Aliyenirudisha chini ni bibi yangu, na alinirudisha kwa njia ya mchezo wa televisheni wa Kimarekani.

Mchezo wenyewe unaitwa Good Times. Binamu yangu alikuja likizo na kompyuta ndogo, humo ndani kauweka wote. Ni mchezo wa zamani. Ulianza kuonyeshwa huko Marekani tarehe 8 Februari 1974, katika stesheni ya CBS, ukamalizika mwaka 1979. Wakati huo huku kwetu nani angeuona? Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara tulingoja mpaka 1994, na jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, Malawi, wakangoja mpaka 1999. Wazee wetu walichekea redioni, kwa Pwagu na Pwaguzi. Basi kicheko cha Chicago kimefika Mbaha kikiwa na umri wa kunizaa.

Habari ni ya familia ya Evans, Wamarekani Weusi wanaoishi kwenye ghorofa za maskini mjini Chicago. Picha za mwanzo wa mchezo zinaonyesha ghorofa za Cabrini-Green, ambako Eric Monte, mmoja wa waliouanzisha, ndiko alikokulia. Baba ni James, mama ni Florida, watoto ni watatu: J.J., Thelma na Michael. James anaokota kazi yoyote, leo anayo, kesho hana. Kodi ya nyumba inawakimbiza. Ndiyo wanachekesha, lakini tumbo la njaa unalisikia.

Sasa sikiliza jambo ambalo sikulijua mpaka niliposoma. Mama huyo aliigizwa na Esther Rolle. Alipoletewa mpango wa kwanza wa mchezo, ulikuwa na mama peke yake na watoto. Akakataa. Akasema bila mume ndani ya nyumba yeye haigizi. Ndipo akatafutwa John Amos kuwa James.

Kwa nini mama huyo ashupalie baba wa kuigiza? Hapa ndipo penye historia. Katika majimbo kadhaa ya Marekani, mama maskini aliyepewa msaada wa serikali kwa ajili ya watoto wake aliweza kunyang'anywa msaada huo akionekana ana mwanaume. Wakaguzi walifika nyumbani, hata usiku, kutafuta kama pana mwanaume. Mwaka 1968 Mahakama Kuu ya Marekani iliibatilisha kanuni ya namna hiyo ya jimbo la Alabama, katika kesi ya mjane mmoja mwenye watoto wanne. Kwa hiyo ilikuwepo miaka ambayo baba kukaa na wanawe kulimaanisha wanawe kulala njaa. Kisha watu hao hao wakaulizwa, jamani, baba zenu mbona hawapo?

Rolle alimtaka baba, akampata, lakini hakudumu naye. Watazamaji walimpenda mno J.J., kijana mrefu mwembamba, kofia kichwani, maneno mengi. Waandishi wakamwongezea vichekesho, elimu na kazi wakampunguzia. Mwaka 1975 Rolle alilalamika hadharani katika jarida la Ebony kwamba kijana huyo anafanywa kichekesho kisicho na maana. John Amos naye alibishana na waandishi kuhusu jambo hilo hilo. Mwaka 1976 akaondolewa. Mhusika wake akauawa kwenye ajali ya gari.

Sehemu hiyo ndiyo niliyoitazama na bibi. Ilikuwa jioni, usipa tumeshauanua, tumekaa uani. Bibi Kiingereza hajui, nikawa mkalimani kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne. Familia inafungasha mizigo kwa furaha.

"Sasa mume wangu," bibi akaniuliza, maana ndivyo anavyoniita, "huyu baba yao kaenda wapi?"

"Kaenda Mississippi, bibi. Kapata kazi ya gereji. Akishatulia atawaita wamfuate."

Bibi akanyamaza kidogo. "Harudi huyo," akasema. "Hiyo ni Tanga."

Haikupita muda, telegramu ikafika. James kafa. Nikamtazama bibi, hakushangaa hata chembe.

Ndugu msomaji, tuiangalie hiyo Tanga. Mkonge si mmea wetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka jimbo la Florida, Marekani. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62 tu, na kutokana na hiyo 62 yakaota mashamba yaliyokuja kuifanya Tanganyika ya kwanza duniani kwa mkonge. Florida hiyo hiyo ndiko alikozaliwa Esther Rolle mwaka 1920, mtoto wa kumi kati ya kumi na wanane, na ndilo jina la mama aliyemwigiza. Sisemi kuna uchawi hapo. Lakini jina hilo lilinikaa kichwani.

Mashamba yalitaka mikono. Tangu mwaka 1898 Wajerumani walidai kodi ya nyumba, na Waingereza waliowafuata wakaendelea kudai kodi. Pwani yetu, iliyokuwa ndani ya Wilaya ya Songea wakati huo, ilikuwa na samaki na muhogo, fedha haikuwa nayo. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wakaunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na Songea ikawa moja ya sehemu za kuchota watu. Waliitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Kipande kilikuwa cha siku 30 za kazi. Hukuzimaliza, hujapata mshahara. Na mshahara wenyewe ulipimwa kwa tumbo la mwanaume mmoja, kana kwamba mke na watoto wanakula upepo. Wengine walivuka mbali zaidi, mpaka migodi ya Afrika Kusini.

Basi usiku ule nikamsomea bibi sura yangu ya babu mwenye suti. Sijui ni kiburi au nilitaka tu kumchangamsha. Hakucheka.

"Ile suti," akasema, "aliivaa kwa sababu nguo nyingine zote zilikuwa matundu. Hakutaka watu waone."

"Na gramafoni, bibi?"

"Sahani aliziuza Songea. Akaniletea chumvi na khanga. Baba yako mkubwa alikuwa tumboni babu yako alipoondoka. Siku anarudi, mtoto alimkimbilia akampokea mzigo, akamwambia, karibu mgeni."

Nilizima taa, lakini usingizi haukuja.

Nilikuwa nimeandika mambo ya kweli: suti kweli, gramafoni kweli, watoto kutomjua baba yao kweli. Lakini nilikuwa nimeandika kama wale waandishi wa J.J. Nilichukua kilichochekesha, sababu yake nikaiacha njiani. Nikamwonyesha babu ni mjinga, wakati alikuwa mtu aliyedaiwa kodi.

Sisemi tusicheke. Bibi mwenyewe aliwacheka sana akina Evans, tena aliyemchekesha zaidi ni James, anapogomba na bili mezani. Na Rolle naye hakukataa kuchekesha, kazi yake ilikuwa hiyo. Mwaka 1977 aliuacha mchezo ule, mwaka uliofuata akarudi akidai J.J. aandikwe vizuri zaidi. Alikuwa mwigizaji tu, kalamu hakuishika yeye. Sisi tunaoishika tutasema nini?

Ghorofa za Cabrini-Green zilibomolewa, ya mwisho mwaka 2011. Esther Rolle alifariki 1998, John Amos akamfuata mwaka 2024. Babu yangu yupo hapo juu ya kilima, chini ya mwembe.

Sura ile nimeichana. Naianza upya kutoka Songea, sokoni, mtu mmoja kashika sahani za gramafoni mkononi, anauliza bei ya chumvi. Suti bado kaivaa. Nadhani mtacheka tu, lakini safari hii bibi ndiye atakayesomewa kwanza.