Konea, Mishipa ya Damu na Upofu wa Mtoni Katika Ituri

Upandikizaji wa konea, yaani utando angavu unaofunika jicho kwa mbele kama kioo cha saa, ulifaulu kwa mara ya kwanza kwa binadamu tarehe 7 Desemba 1905, pale daktari Eduard Zirm alipomtibu katika mji wa Olomouc kibarua Alois Glogar, aliyepofushwa na chokaa. Macho yote mawili yalipandikizwa, lakini jicho moja lilipata matatizo na konea yake mpya ikaondolewa, huku la pili likibaki angavu. Hivyo historia ya tiba hii ilizaliwa pamoja na historia ya madhara yake.

Madhara hayo hutegemea sana mishipa ya damu. Kwa kuwa konea yenye afya haina mishipa hiyo, chembe za kinga haziifikii kwa urahisi. Lakini pale ugonjwa unapoiotesha mishipa, mwili huitambua konea ngeni na kuikataa, nalo jicho huwa jekundu, huumizwa na mwanga na kupoteza uoni. Matone ya steroidi, yanayozuia hali hiyo, yanaweza kupandisha shinikizo la jicho na kuleta glakoma, na nyuzi za kushonea konea zinazolegea hufungulia vijidudu njia, kwa hiyo mgonjwa huhitaji daktari wa macho kwa miaka.

Ni kwenye hatari hizo ndipo historia ya upofu katika Ituri, mkoa wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ambao mji wake mkuu ni Bunia, ilipofuata njia nyingine badala ya upandikizaji. Katika mito yake iendayo kasi huzaliana usubi, inzi wadogo weusi waenezao minyoo ya onkosersiasi, yaani upofu wa mtoni, ugonjwa ambao daktari Mbelgiji Jean Hissette alionyesha, mwanzoni mwa miaka ya 1930, kuwa ulipofusha watu kandokando ya mto Sankuru katika nchi hiyo hiyo. Vijiminyoo, yaani mabuu ya minyoo hiyo, vinapofia ndani ya konea, huacha kovu na kuvuta mishipa ya damu. Tena ugonjwa huo huharibu retina na neva ya jicho, ambazo konea mpya haiwezi kuziponya.

Kwa sababu hiyo kinga ilitangulia kisu. Kuanzia 1987 ivermektini, dawa ya kuua vijiminyoo hivyo, ilitolewa bure na watengenezaji wake, ingawa vita vya 1999 hadi 2003 vilivuruga huduma za afya katika Ituri; baadaye, Rethy, kaskazini-mashariki ya Bunia, ikawa miongoni mwa vituo vilivyoijaribu moksidektini, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, ambayo huvipunguza vijiminyoo ngozini kwa muda mrefu kuliko ivermektini, kabla havijaifikia konea.