Gavana Anayekula Chaji Yako

Wasee, leo nakiri kosa. Nilikuwa Form Three hapa Migori, na mama alikuwa anauza omena sokoni. Kila wiki alidandia matatu ya alfajiri hadi Mbita, kule Homa Bay, kununua mzigo ufuoni. Pesa yote ilikuwa kwa simu.

Usiku mmoja nikaazima hiyo simu, Android nzee niliyokuwa nimeshaifungua ndani, nikaiamuru prosesa ikimbie kasi ya juu kabisa muda wote ndio gemu isikwame. Nikaicharge ikajaa, nikasahau kurudisha setingi. Mama akaenda akiskiza redio njiani. Alipofika Mbita simu ilikuwa imezima, stima imepotea, duka la kuchaji limefungwa. Akarudi na magunia matupu. Ukweli betri pia ilikuwa imechoka, lakini mimi ndiye niliimaliza. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Ulifanyia simu yangu nini?" Sikuwa na jibu. Leo ninalo, na ni la kihistoria.

Prosesa hufanya kazi kwa mapigo. Gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa sekunde. Ukitaka mapigo ya haraka zaidi, mara nyingi lazima uongeze volteji. Hapo ndipo chaji inaliwa, kwa sababu umeme unaotumika hupanda kwa kasi mara volteji mara volteji tena. Volteji inahesabiwa mara mbili! Chukua mfano: kutoka gigahezi 1 kwa volti 1.0, hadi gigahezi 1.5 kwa volti 1.2. Kasi imepanda kwa nusu, lakini 1.5 mara 1.44 ni 2.16. Unalipa zaidi ya mara mbili kupata nusu ya ziada. Hiyo si biashara ambayo mama yangu angekubali.

Watu waliliona hili mapema. Mwaka 1994, Mark Weiser na wenzake wa maabara ya Xerox PARC huko Marekani waliandika kwamba kompyuta ikiwa na kazi kidogo, afadhali ipunguze kasi na volteji kuliko kukimbia halafu ikae bure. Mwaka 2000 wazo hilo likaingia kwenye laptopu za kuuzwa: Intel wakaliita SpeedStep, Transmeta wakaliita LongRun. Linux nayo ikapata sehemu yake ya kuchagua kasi, na kinachoamua humo kinaitwa gavana. Si utani. Kuna gavana wa kukimbia muda wote, kuna wa kubana matumizi, kuna anayengoja aone kazi ipo ndio aongeze kasi. Sisi Kenya tulipigia kura magavana wa kaunti mara ya kwanza 2013. Hawa wa simu hakuna aliyewahi kutuuliza.

Lakini gavana huchagua tu kutoka kwa menyu aliyopewa. Nani anaandika menyu? Mwaka 2011, wakati Huawei IDEOS yenye prosesa ya megahezi 528 ilikuwa inawafanya Wakenya wengi washike Android mara ya kwanza, Linus Torvalds alikuwa analalamika waziwazi. Kila bodi ya ARM, aina ya prosesa iliyo kwenye simu zetu, ilikuja na msimbo wake ndani ya Linux, na fujo ilikuwa imezidi. Dawa ikawa kuhamisha maelezo ya vifaa hadi kwenye faili za usanidi zinazoitwa devaisi tree. Volteji na kasi zikafuata: 2012 kama orodha fupi ya namba mbilimbili, na 2015 kwa mpangilio mpana zaidi. Ukifungua faili kama hiyo leo utaona mstari wa opp-hz, yaani kasi, na chini yake opp-microvolt, yaani volteji kwa sehemu za milioni za volti. Ukiona 1000000, hiyo ni volti moja. Mtoto wa Rongo anaweza kuisoma.

Ndio maana naona hii ni siasa, bana. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba programu yao ilikuwa inapunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka. Sababu yao ilikuwa ya maana: simu isizime ghafla. Kosa ni kwamba hawakuwaambia wenye simu vizuri, na 2020 Ufaransa ikawatoza faini ya euro milioni 25. Wangapi kati yetu walinunua simu mpya kumbe dawa ilikuwa betri?

Sisemi ukaguse volteji. Ukishusha sana simu inajizima katikati ya kazi, ukipandisha sana unaichoma. Usiguse usichokielewa, mimi nililipia somo hilo kwa magunia ya mama. Ninachosema ni soma. Mahali ambapo watu hulipa shilingi 20 kuchaji simu, anayeamua volteji anaamua hela yako iishe lini.

Mama siku hizi ana simu nyingine. Nimemwekea setingi ya kubana chaji, na safari hii nilimwomba ruhusa kwanza.